Nimeuziwa vidonge vya kuondoa radikali huru: je, vitanikinga na saratani ya utumbo?

Assalamu alaykum daktari,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, naishi Langoni, Lamu. Miaka 9 iliyopita nilianza kuharisha damu na kamasi. Nilitibiwa amiba mara kadhaa bila nafuu, mwishowe nikapelekwa Mombasa kutiwa kamera, nikaambiwa ni kolaitisi ya vidonda na kwamba imeshika utumbo mpana wote. Nilipewa sulfasalazini za miligramu 500, tembe 2 asubuhi na 2 jioni, pamoja na asidi ya foliki. Damu ikakatika. Tangu mwaka jana nimeziacha kwa kuwa naona nimepona. Nakwenda choo mara 2 au 3 kwa siku, na siku nyingine kamasi kidogo.

Sasa amekuja mtu mtaani na mashine ya kushika mkononi. Alinipima akasema mwili wangu umejaa radikali huru na ndizo zinazoleta saratani ya utumbo. Ameniuzia chupa ya antioksidanti ya mwezi mmoja kwa shilingi 4,800. Kibandiko kinasema vitamini C miligramu 1,000, vitamini E yuniti 400, beta-karotini na seleniamu mikrogramu 200. Nimeingiwa na hofu kwa sababu marehemu baba aliondoka kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 57.

Tena nameza vidonge vya chuma mara 3 kwa siku maana damu yangu ni 10.2, na diklofenaki goti likinisumbua. Wifi yangu ananihimiza manjano na habasoda. Je, niendelee na vidonge vya chupa? Ni kweli radikali huru zinaleta saratani? Na kamera, nitiwe tena hali sitoki damu? Safari ya Mombasa ni gharama.

Mwenye hofu, Lamu

*

Waalaykumu salaam dada. Mungu amrehemu baba yako.

Nianze na lililo la haraka. Chupa hiyo iweke kando. Dawa ya kolaitisi irudie, lakini kwa mkono wa daktari na baada ya vipimo nitakavyovitaja. Na kamera unaihitaji. Imeshapita wakati wake.

Muuzaji wako ameokota jambo la kweli akalipachika kwenye biashara. Ukuta wa utumbo unapovimba na kuwaka, damu huleta pale seli nyeupe za aina ya nyutrofili kwa maelfu. Kila nyutrofili hubeba kimeng'enya kinachoigeuza oksijeni kuwa superoksaidi, mojawapo ya hizo radikali huru, yaani molekuli kali zinazounguza chochote zinachokigusa; nayo superoksaidi hugeuka hidrojeni peroksidi. Kimeng'enya cha pili huichukua peroksidi hiyo pamoja na kloridi ya mwilini na kutengeneza asidi ya hipoklorasi, ileile inayofanya kazi ndani ya dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Kazi ya silaha hizi ni kuua bakteria. Katika kolaitisi zinamwagwa miezi na miaka juu ya seli zako mwenyewe. Mwili una vya kuzituliza, kama glutathioni na vimeng'enya vya katalesi, lakini zinapozidi uwezo huo ndipo panapotokea kile wataalamu wanachokiita msongo wa oksidesheni, yaani seli kuunguzwa na oksijeni kali.

Madhara yake kwenye DNA, maandishi ya urithi yaliyo ndani ya seli, yanajulikana kwa undani. Herufi ya DNA inayoitwa guanini ndiyo inayoungua kwa urahisi zaidi, ikawa oksoguanini. Seli inapojinakili huisoma vibaya, na mahali palipokuwa na G panaishia kuwa T. Utando wa utumbo hujifanya upya kila baada ya siku chache, kwa hiyo nafasi za kunakili kosa ni nyingi. Ushahidi mmoja mzito ulipatikana mwaka 2002: ziko familia ambazo mtoto hurithi kutoka kwa wazazi wote wawili jeni mbovu ya MUTYH, ambayo kazi yake ni kurekebisha kosa hilihili la oksoguanini. Watu hao huota polipu nyingi (vinundu vya nyama) utumboni, na wengi hupata saratani. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni ndiyo, uharibifu wa aina hii unaweza kuleta saratani ya utumbo mpana.

Na kwa mwenye kolaitisi saratani huwa na njia yake. Saratani ya kawaida ya utumbo mpana huanzia kwenye polipu. Ziko jeni zinazozuia seli kuzaana ovyo: ile ya APC huharibika mapema na ile ya p53 huja kuharibika baadaye. Katika kolaitisi mara nyingi p53 ndiyo inayotangulia, na huweza kuharibika hata kwenye sehemu ambayo kwa macho inaonekana nzima. Mabadiliko huwa bapa, yametandaa, hayana kichwa cha kuonekana. Hilo lishike, maana ndilo litakalokueleza kwa nini kamera yako inatakiwa ifanywe kwa namna maalumu.

Usishtuke kupita kiasi. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2001 ulikadiria hatari ya saratani kwa mwenye kolaitisi ya vidonda kuwa asilimia 2 ikifika miaka 10 ya ugonjwa, 8 ikifika miaka 20, na 18 ikifika miaka 30. Tafiti za karibuni zimeona viwango vya chini ya hapo, na sehemu ya sababu ni kwamba wagonjwa wanatulizwa utumbo vizuri zaidi na wanafuatiliwa kwa kamera. Wewe una mambo matatu yanayoongeza hatari: ugonjwa ulishika utumbo mpana wote, umeshapita miaka 8, na mzazi alikuwa na saratani hiyohiyo. La nne, nalo liko mikononi mwako, ni mwako unaoachwa bila dawa.

Basi kwa nini nakukataza antioksidanti ikiwa oksidesheni ndiyo inayodhuru? Kwa sababu jambo hili limeshajaribiwa kwa watu, tena wengi. Uchambuzi wa mwaka 2004 ulikusanya majaribio 14 yenye watu zaidi ya 170,000 kuona kama vidonge vya antioksidanti vinazuia saratani za mfumo wa chakula. Havikuzuia. Kule Ufini, mwaka 1994, wanaume wavutaji sigara waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Na vitamini E yuniti 400 na seleniamu mikrogramu 200, vipimo vilevile vya chupa yako, vilijaribiwa Marekani na nchi jirani kwa wanaume zaidi ya 35,000. Matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kuwa waliomeza vitamini E peke yake walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi. Wewe huna tezi dume wala hujasema kama unavuta sigara, lakini umeona kwamba kidonge hiki si maji ya kunywa tu.

Kwa nini iwe hivyo? Seli ya saratani nayo inateseka na oksidesheni, na ukiipa kinga nayo inafaidika. Panya waliokwisha kuwa na vivimbe vya mapafu, walipopewa antioksidanti, vivimbe vilikua haraka. Halafu mwili unazihitaji hizo radikali. Wako watoto wanaozaliwa bila uwezo wa kutengeneza superoksaidi. Hushambuliwa na maambukizi mabaya, na wengi wao huvimba utumbo kwa namna inayofanana sana na ugonjwa wa Crohn, ambao ni ndugu wa kolaitisi yako. Oksijeni kali ikizidi utumbo unaungua, ikikosekana kabisa pia unaungua. Kumeza antioksidanti huku mwako wenyewe hautibiwi ni kufua maji ngamani huku tundu halijatiwa kalafati.

Mashine ya kushika mkononi haipimi radikali huru. Nyingi kati ya radikali hizo hazidumu hata sekunde moja. Alama zake hupimwa kwenye mkojo, damu au nyama ya utumbo kwa mitambo ya maabara za utafiti, na hata huko hazitumiki kuamua tiba ya mgonjwa mmojammoja.

Kinachoziba tundu ni dawa uliyoiacha. Sulfasalazini hufika utumbo mpana, bakteria wakaipasua, ikatoka mesalazini. Mesalazini hutuliza mwako na yenyewe hunasa radikali huru palepale kwenye utando, mahali ambapo vitamini ya chupa haikusaidii. Kiwango cha kumkinga mgonjwa aliyepata nafuu asirudiwe na ugonjwa ni gramu 2 kwa siku, ndizo tembe zako 4. Lakini usizirudie leo kutoka kwenye chupa ya zamani. Umekaa muda mrefu bila dawa, kwa hiyo daktari apime kwanza hesabu kamili ya damu, ini na figo, halafu akuanzishe kidogokidogo, kwa kawaida tembe 1 mara 2 kwa siku baada ya chakula, akipandisha kwa siku kadhaa hadi kufikia kiwango chako. Asidi ya foliki irudi pamoja nayo, maana sulfasalazini huzuia isifyonzwe. Mkojo kuwa rangi ya machungwa si hatari. Vipele, homa, vidonda vya mdomo au macho kuwa manjano ni sababu ya kuacha na kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sana watu wa Pwani. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD uko kwa wingi huku kwetu kwa sababu ya historia ndefu ya malaria. Kimeng'enya hicho ndicho kinachoisaidia seli nyekundu kurudisha glutathioni yake. Asiyekuwa nacho cha kutosha anaweza kupasukiwa na seli nyekundu akitumia dawa za salfa kama hii. Mwanamume huurithi kwa mama yake, nao huwapiga zaidi wanaume, ila mwanamke naye anaweza kuwa nao kwa kiasi. Ulitumia dawa kwa miaka bila kuelezwa tatizo, jambo hilo linatia moyo. Lakini damu yako ni 10.2, kwa hiyo omba kipimo cha G6PD kifanywe mara moja tu, kijulikane. Kama upo upungufu, mesalazini tupu hutumika badala yake, na hapo figo hupimwa angalau mara moja kwa mwaka.

Tuje kwenye chuma, maana hapa ndipo ninapoona unajiumiza bila kujua. Kidonge kimoja cha feras salfeti cha miligramu 200 kina chuma halisi miligramu 65. Mara 3 kwa siku ni 195, na sehemu kubwa haifyonzwi. Inateremka hadi utumbo mpana. Huko, chuma kikikutana na hidrojeni peroksidi huzalisha radikali ya haidroksili, iliyo kali kuliko zote. Nayo vitamini C nyingi hukirudisha chuma kwenye hali yake inayochochea jambo hilo. Yaani chupa ya kuondoa radikali huru, ukiichanganya na vidonge vya chuma mara 3, inaongeza malighafi ya kuzitengenezea. Kwa mwenye kolaitisi ambayo imetulia na upungufu mdogo wa damu, chuma halisi kisizidi miligramu 100 kwa siku; kidonge 1 kwa siku kinatosha, na kukimeza siku moja ukaruka moja husaidia kifyonzwe vizuri zaidi. Kama utumbo unawaka, au damu imeshuka chini ya 10, njia nzuri ni chuma cha kuingizwa kwenye mshipa hospitalini. Pima ferritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, pamoja na damu. Mtu mwenye mwako anaweza kuwa na ferritini ya hadi 100 na bado akawa amepungukiwa chuma, kwa hiyo asikwambie mtu kuwa 60 ni nyingi.

Diklofenaki iache kabisa, na ibuprofeni vilevile. Dawa hizi zinaweza kuuamsha ugonjwa. Tumia parasetamoli gramu 1, isizidi mara 4 kwa saa 24. Na mwambie daktari kuhusu goti, kwa sababu viungo kuuma huweza kuwa sehemu ya ugonjwa wenyewe, na mara nyingi utumbo ukitulia goti nalo hutulia.

Manjano si upuuzi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2015 lilitumia gramu 3 za kurkumini kwa siku, juu ya mesalazini, kwa wagonjwa 50 wenye kolaitisi isiyo kali, na baada ya mwezi zaidi ya nusu ya walioipata walikuwa wametulia. Ila manjano ya dukani yana kurkumini kama asilimia 3 tu. Ili upate gramu 3 ingebidi ule unga wa manjano gramu 100 kila siku, na hakuna mchuzi unaobeba hivyo. Yatie kwenye mchuzi wa samaki kama kawaida. Vidonge vya kurkumini vilivyotiwa pilipili manga usivianze kiholela, vimewahi kudhuru ini la watu. Habasoda ya kijiko kwenye chakula haina neno, ila isikae mahali pa dawa.

Chakula chetu cha Lamu kwa sehemu kubwa kinakufaa: samaki wa kupaka, wali, mchicha uliopikwa ukalainika, ndizi, papai. Kinachonitia wasiwasi ni mafuta ya bhajia na viazi karai yanayorudiwa siku kwa siku. Yakishakuwa meusi, yakitoa povu na kufuka moshi mapema, yamejaa mafuta yaliyooza kwa oksijeni na yamwagwe. Sehemu nyeusi za mishkaki zikate uzitupe. Soseji na smoki ziwe nadra: mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliziweka nyama za kusindikwa katika kundi la vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18.

Sasa kamera. Kutotoka damu hakumaanishi utumbo haujawaka, na hizo kamasi zako zinanitia shaka. Kipimo cha kinyesi kiitwacho kalprotektini kinasaidia: chini ya 50 ni shwari, zaidi ya 250 kwa kawaida ni mwako. Acha diklofenaki wiki 2 kabla yake kwa kuwa nayo hukipandisha. Kinyesi kiwe cha choo cha kwanza cha asubuhi, kikae mahali pa baridi na kifike maabara ndani ya siku 3. Kutoka kisiwani hilo linataka upange siku na maabara mapema. Ukiharisha, kinyesi kitazamwe pia amiba kabla ya mtu kukuandikia steroidi.

Kipimo hicho hakishiki nafasi ya kamera. Mwenye kolaitisi iliyopanda juu zaidi ya njia ya haja kubwa huanza kamera za ufuatiliaji miaka 8 tangu dalili za kwanza. Wewe ni 9. Kwa kuwa baba aliugua baada ya miaka 50, ratiba yako itakuwa kila miaka 2 hadi 3 ikiwa utumbo umetulia. Angekuwa chini ya 50, ingekuwa kila mwaka. Vizuri zaidi ifanywe ukiwa kwenye dawa na utumbo umetulia, kwa sababu mwako humchanganya anayesoma nyama kwenye hadubini. Ila usiahirishe kwa zaidi ya miezi michache.

Omba daktari wa hospitali ya King Fahd hapo Lamu akuandikie rufaa kwa mtaalamu wa mfumo wa chakula Mombasa, na barua iseme wazi: kolaitisi ya utumbo mpana wote, miaka 9, mzazi mwenye saratani, kamera ya ufuatiliaji. Hapo mtaalamu atajua anyunyize rangi ya bluu ukutani ili mabadiliko yale bapa yaonekane, na akate nyama pale panapotia shaka. Pasipokuwa na rangi, hukatwa vipande 4 kila sentimita 10, jumla yake zaidi ya 30. Kamera ya kupita haraka bila lolote kati ya hayo haitoshi kwa hali yako. Ripoti ya kamera ya kwanza ichukue, hata kama karatasi imechakaa. Thibitisha pia usajili wako wa SHA, bima ya afya ya serikali, uko hai, na uulize hospitali idhini yake inaombwa siku ngapi kabla.

Vidonge vya chuma viache siku 7 kabla, maana hupaka utumbo weusi usiotoka. Siku 3 kabla ondoa mbaazi, kunde, njugu, ufuta, nazi ya kukunwa, nyanya na matunda ya mbegu. Kula wali mweupe, samaki wa kuchemsha, mayai, mkate mweupe. Siku moja kabla ni vya majimaji tu: chai ya rangi, supu iliyochujwa, madafu yaliyochujwa. Usiguse sharubati nyekundu wala ya zambarau, huonekana kama damu ndani. Dawa ya kusafisha kwa kawaida ni ya unga, huyeyushwa kwenye maji. Kama umepewa ya lita 4, kunywa lita 2 jioni na 2 asubuhi, glasi moja kila robo saa, umalize saa 2 kabla ya kamera. Unapotoka maji ya manjano unayoweza kuona chini yake, umesafika. Kikibaki cha kahawia, waambie kabla hujalazwa kitandani.

Dawa hiyo usiinywe Lamu kisha upande boti ya Mokowe na basi. Nenda siku 2 kabla, ulale Mombasa kwa jamaa palipo na choo karibu, na uwe na mtu wa kukurudisha maana utapewa dawa ya usingizi.

Ramadhani ikikukuta umetulia, tembe 2 wakati wa kufuturu na 2 wakati wa daku, pamoja na maji mengi, zinakwenda vizuri. Ikikukuta unaharisha damu, kula na unywe dawa. Siku hizo utazilipa. Na wakati wowote ukienda choo cha damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na homa inayozidi 37.8 au moyo kupiga zaidi ya mara 90 kwa dakika ukiwa umetulia, nenda King Fahd usiku huohuo, usingoje boti ya asubuhi, na uwaambie wanaokupokea kwamba una kolaitisi kabla hawajakuandikia dawa ya amiba.